Safu ya Maoni

Mimi ndiye niliyeitunga ile fomu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Ukurasa mmoja, aya tano. Inasema mkaguzi mwenye ndugu, mwenza au mtoto kwenye mradi unaopewa ruzuku hataruhusiwa kulishika faili la mradi huo, kulifungua, wala kulisoma, na akikiuka ataondolewa kwenye ukaguzi. Niliiandika nikiwa bado mpya kazini, nina moto na kiburi cha kutosha. Wakubwa wakaipenda, wakaipitisha bila kubadilisha neno. Miaka kumi na saba baadaye nikaijaza mwenyewe. Pale penye uhusiano niliandika: mama.

Kitengo chetu kiko ghorofa ya tatu, vyumba viwili na korido. Serikali yetu hutoa ruzuku kwa miradi ya mazingira nje ya nchi, misitu, mito, vinamasi, kwa sababu hewa na maji havijui mpaka. Sisi kazi yetu ni kuuliza. Mmesema mmepanda miti, mmepanda? Imeota? Watu wakisikia hivyo hudhani natembea porini na mabuti. Sijawahi kutia mguu kwenye hata mradi mmoja. Nakaa kwenye kiti chenye gurudumu moja bovu na kusoma ripoti, mwaka hadi mwaka, na miwani inazidi kuwa minene.

Ila kusoma najua. Kila ripoti ina muhtasari mbele na viambatisho nyuma. Wengi husoma muhtasari wakagonga muhuri. Mimi huanzia nyuma. Muhtasari huandikwa na mtu anayetaka kukufurahisha. Kiambatisho huandikwa na mtu aliyechoka, anayetaka akalale, na mtu aliyechoka hana nguvu za kudanganya. Maneno hayo nilimwambia binti yangu akiwa na miaka minane, tumekaa meza ya kulia, mimi na mafaili yangu na yeye na penseli yake ya kijani. Nilikuwa nampa majedwali ya mvua ayahakiki, aweke alama kila mstari uliokamilika. Alikuwa hachoki. Akiona siku imerukwa ananivuta mkono: "Mama, huyu tarehe tisa alikuwa wapi?" Nikamwita Karani, na jina likamganda mpaka shuleni, mpaka baba yake naye akawa anamwita Karani.

Baba yake alipokufa tukabaki wawili. Miezi minane baadaye, nikiwa napiga pasi, Karani akaja akasimama mlangoni akaniambia amepata kazi. Kutunza kituo cha miche na mvua kwenye mradi tunaoupa ruzuku wa kurudisha msitu wa chanzo cha mto, nchi ya tatu kutoka hapa, mkataba wa miaka minne. Alikuwa na furaha hata hajui aiweke wapi.

Ningesema ukweli, yangeisha. Ningesema mwanangu, usiniache na kuta hizi, subiri kidogo nizizoee. Lakini mimi ni mtu wa hasira. Nikiumia, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mtu wa kumuumiza. Nikamwambia, "Nenda. Ila ukienda, usinitafute. Na hicho kitanda chako nitakiwekea mafaili."

Akakaza midomo. Nikajiona mwenyewe pale mlangoni.

"Sawa, mama," akasema. "Habari zangu utazipata kwenye ripoti."

Nikaona ananikejeli. Nikaendelea kupiga pasi. Shati lile lilikuwa limeshanyooka, nikalinyoosha mara ya pili na ya tatu mpaka niliposikia mlango wa nje unafungwa. Jumatatu iliyofuata nikafika kazini nikaijaza fomu, bado nafoka moyoni, nikajiambia nafanya hivyo kwa ajili ya haki. Haki ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa ile ya mtu anayefunga mlango ambao ameshabamiziwa.

Mafaili nikayaweka kitandani kweli. Si kwa ubaya. Kile kitanda kitupu kilikuwa kinanitazama kila nikipita, nikaona bora nikifunike. Nilianza na rundo moja upande wa miguuni. Mwaka wa pili yalikuwa yamefika kwenye mto.

Baada ya miezi saba nilijishusha, nikapiga namba yake. Haipatikani. Nikapiga tena wiki nzima, kila jioni nikitoka kazini, naisikiliza ile sauti ya mashine mpaka mwisho. Ndipo nikasema basi, mtoto amefanya alichoambiwa. Nilimwambia asinitafute, hajanitafuta. Nani wa kulalamikiwa?

Faili la mradi wake alipewa mwenzangu, mzee mmoja mchangamfu tuliyempa jina la Muhtasari kwa sababu hakuwahi kuvuka ukurasa wa tatu wa kitu chochote. Alikuwa na mizaha ya kutosha ofisi nzima, na moyo mzuri, sitamsema vibaya zaidi ya itakavyobidi. Kila baada ya miezi mitatu ripoti ya mradi ule ilipofika, aliisoma dakika kumi, akagonga muhuri, halafu akanipigia kelele kutoka meza yake: "Dada, binti yako hajambo! Miche iliyoshika, asilimia tisini na mbili."

Haikuwa halali kuniambia. Nami nilipaswa kuziba masikio. Lakini niseme kweli, ile asilimia tisini na mbili ndiyo niliyokuwa nayo. Wenzangu walikuwa na picha za watoto kwenye simu. Mimi nilikuwa na asilimia tisini na mbili. Nikirudi nyumbani nalewa nayo peke yangu. Nilijiambia kama miche imeshika, basi kuna mtu anaimwagilia, na huyo mtu anaamka asubuhi, anakula, ana nguvu za kubeba ndoo. Miaka minne nilimlea mwanangu kwa namba hiyo.

Ilikuwa haibadiliki hata kidogo. Ungekuwa mradi mwingine wowote ningenusa palepale. Mkaguzi wa miaka ishirini na ushee, namba imekaa mahali pamoja mara kumi na sita mfululizo, na mimi nafurahi kama mjinga.

Mwezi uliopita Muhtasari akastaafu. Tukamnunulia keki, akasema maneno marefu kuliko kitu chochote alichowahi kusoma, tukacheka, akaondoka na kikombe chake. Jumatatu ya wiki ya mwisho wa mwezi mkuu wetu wa kitengo akagawa mafaili yake. Mkuu huyu ni kijana, rika la Karani akimzidi kidogo, amekuja mwaka huu. Tunamwita Koma, kwa kuwa ukimpelekea barua hata ya mistari miwili lazima aongeze koma mahali. Hakujua habari za fomu yangu. Fomu yenyewe ilikuwa imebanwa ukurasa wa mwisho wa faili, ambako hakuna anayefika. Akaniwekea mezani faili la mradi wa chanzo cha mto, akasema, "Mama, hili nimekupa wewe, naambiwa ndiye unayesoma."

Nilitakiwa nimrudishie palepale. Sikumrudishia. Nikalisogeza kwenye kona ya meza, nikaliwekea kikombe juu, likakaa hapo Jumatatu na Jumanne. Nilikuwa nalipiga jicho la pembe kama mtu aliyeona anayemdai. Jumatano baada ya chakula cha mchana, watu wamepungua, nikajidanganya kwamba nitatazama picha tu. Kwenye ripoti huwa kuna picha za kituo. Labda atakuwa amesimama pembeni. Labda nione kama amenenepa.

Hakuwemo. Palikuwa na vitalu vya miche, kibanda cha bati, na kwenye picha moja mkono umeshika kipimamvua. Ule mkono niliutazama sana. Kucha zimekatwa fupi, na kwenye kidole cha shahada lile kovu la pasi alilolipata akiwa na miaka mitano. Nikaweka kidole changu juu yake.

Hapo ikawa imeshaharibika. Nikageuza nyuma kutafuta viambatisho. Hakuna. Palikuwa na karatasi moja kwa mwandiko wa Muhtasari: "Viambatisho vya mradi huu, tazama mlangoni."

Mlango wa chumba chetu una tabia ya kujifunga ukipigwa na upepo. Muhtasari alikuwa ameuwekea bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani, akiliongezea kila ripoti ikifika, mpaka likawa kubwa kama tofali. Kila asubuhi kwa miaka minne nilipita hapo. Nililiruka. Siku nikiwa na haraka nililisukuma kwa mguu. Mara moja nilijikwaa nikalitukana.

Nikapiga magoti, nikakata kamba kwa mkasi.

Viambatisho vya ripoti kumi na sita za robo mwaka, na kila ripoti ina Kiambatisho cha Saba: rekodi ya mvua ya kila siku. Safu nne. Tarehe, milimita, jina la aliyepima, maoni. Safu ya maoni huwa tupu. Ikijazwa sana utakuta "mawingu" au "kifaa kimesafishwa." Nikaanza ya kwanza kabisa, pale chini sakafuni, mgongo kwenye mlango.

Siku ya kwanza: milimita sifuri. Maoni: "Nimefika salama. Kipimamvua kilikuwa kimeinama, nimekinyoosha."

Siku ya pili: milimita sifuri. Maoni: "Sijalala. Nilikosea kusema vile mlangoni, nilikuwa na hasira."

Siku ya tano: milimita kumi na mbili. Maoni: "Mkaguzi asijali, kibanda hakivuji."

Nikatoa miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mwandiko ni wake, ule wa kubana herufi alioujifunza kwangu ili mstari utoshe. Nikaendelea. Mtoto alikuwa ananiandikia mimi. Alikuwa anajua nitaanzia nyuma. Aliposema habari zangu utazipata kwenye ripoti, hakunikejeli hata kidogo. Alikuwa ananielekeza pa kutazama, kwa sababu nilimkataza kunitafuta na yeye ni mtiifu wa kichwa kigumu, akapata njia ambayo haivunji neno langu. Na mimi Jumatatu ile ile nikaenda kutia sahihi kwamba sitasoma.

"Milimita nne. Jino linauma. Nimesukutua kwa chumvi kama tulivyokuwa tunafanya."

"Milimita sifuri. Leo ni siku ya kuzaliwa ya mkaguzi. Nimepika wali, nimemwekea sahani."

"Milimita tisa. Simu imetumbukia mtoni. Mjini ni siku mbili, na namba mpya sina wa kumpa."

"Milimita thelathini na moja. Miche mia nne imesombwa. Nimeandika hapa kwa sababu kule mbele wananifutia."

Hilo la miche likarudi tena na tena. Sabini imekauka. Mia mbili imeliwa na mbuzi. Iliyobaki hai, nimehesabu mwenyewe, chini ya nusu. Na kule kwenye muhtasari, asilimia tisini na mbili, asilimia tisini na mbili. Wakubwa wa mradi hawakujali kumfuta kwenye safu ya maoni kwa kuwa walijua, kama tunavyojua sote, kwamba huko hakuna mtu anayefika. Hata kile kidogo nilichokuwa nakilea kilikuwa cha uongo. Ukweli ulikuwa umeshika mlango.

Mwaka wa pili maneno yakaanza kupungua. "Mkaguzi ana kazi nyingi." "Labda ripoti zinachelewa." Mwaka wa tatu, ukurasa mzima wa kiangazi, siku hadi siku, milimita sifuri, na kila siku neno moja: "Kimya." Niliyasoma yote. Sikuruka hata moja. Ningekuwa na penseli ya kijani ningeweka alama kila mstari.

Ripoti ya mwisho, mstari wa mwisho: "Milimita mbili. Mkataba mpya uko mezani, miaka sita, kituo cha ng'ambo kabisa, hakuna kurudi katikati. Wanataka sahihi Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao. Kama kuna mtu anasoma safu hii, aniambie nisisaini."

Nikatazama kalenda ya ukutani. Mwezi ujao wake ndio mwezi wetu huu. Ijumaa ya mwisho ilikuwa keshokutwa.

Niliinuka miguu imekufa ganzi. Kwenye faili palikuwa na namba ya ofisi ya mradi, iliyoko mji wa karibu na kituo. Nikapiga. Akapokea mwanamume mmoja, mwendesha redio. Nikamwambia nataka kuongea na mtunza kituo cha juu. Akasema huko hakuna simu, kuna redio tu. Kila asubuhi saa moja anawasomea vituo vyote sita maagizo ya kazi, nao wanajibu.

"Basi kesho msomee ujumbe wangu," nikasema. "Mimi ni mama yake."

"Mama, redio si ya mambo binafsi. Ni maagizo, hali ya hewa na hoja za wakaguzi. Nikifungua mlango huo kila mtu ataniletea wa kwake."

Nikambembeleza. Nikamfokea. Nikambembeleza tena. Akakata, kwa heshima lakini akakata. Nikabaki na mkono wa simu sikioni. Kisha nikasikia alichosema. Hoja za wakaguzi.

Hoja ya ukaguzi kwetu ni kitu kizito. Mkaguzi anaiandika, mkuu wa kitengo anaitia sahihi, na mradi hauna ruhusa ya kuikalia. Lazima imfikie mhusika ndani ya siku moja. Ila hoja ya faili hili ikitoka kwangu, inasema wazi kwamba nimelishika, nimelifungua na nimelisoma. Aya ya tano, ile ya kuondolewa, inajulikana. Miaka ishirini na ushee ya kazi, na mwaka na nusu umebaki nistaafu kwa jina safi. Niseme nilisita? Nilisita, ndiyo, kama mtu anayetafuta viatu kabla hajatoka. Halafu nikavuta karatasi.

Alhamisi asubuhi nikaingia kwa Koma kabla hajavua koti. Nikaweka mbele yake fomu yangu, Kiambatisho cha Saba, na hoja. Alianza na fomu. Akasoma jina, akanitolea macho.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Niliitunga mimi."

"Na ukafungua."

"Nikafungua. Nikasoma mpaka mwisho."

Akachukua hoja. Niliiandika mwenyewe kwa mkono, na sasa nilivyomwona anaifuata kwa kalamu nikaona aibu imenijaa mpaka masikioni. Ilikuwa inasema hivi:

"Hoja ya kwanza. Mradi ueleze asilimia tisini na mbili imetoka wapi, ilhali rekodi ya mtunza kituo inaonyesha miche iliyo hai ni chini ya nusu. Hoja ya pili, kwa mtunza kituo mwenyewe. Kitengo kinakiri kwamba safu yako ya maoni haikusomwa na mtu kwa miaka minne. Mkaguzi mwenye faili hakuisoma kwa uvivu. Mkaguzi aliye mama yako hakuisoma kwa sababu alitia sahihi fomu ya kutoligusa faili hili wiki uliyoondoka na hakukwambia. Hakuwa na kazi nyingi. Alikuwa hapo hapo karibu nayo. Sasa ameisoma yote. Usisaini. Rudi nyumbani."

Koma aliigonga hoja kwa ncha ya kalamu. Nje ya dirisha mtu alikuwa anapanga viti.

"Hii ya kwanza ni hoja," akasema. "Hii ya pili si hoja."

"Ni hoja. Tumepewa taarifa ya kweli kila siku kwa miaka minne na hatukuijibu. Kama hilo si la kukaguliwa, basi tufunge ofisi."

"Nikitia sahihi nakuondoa kwenye ukaguzi leo leo. Si mimi, ni aya ya tano."

"Naijua aya ya tano. Niliiandika nikiwa na njaa ya sifa."

Alitaka kucheka, akajizuia. Akasema, "Hili neno 'kwa uvivu' tulitoe. Mzee ameshastaafu, tumsitiri." Nikakubali shingo upande. Kisha akainamisha kalamu na nikaona anaongeza koma baada ya "uliyoondoka." Akatia sahihi. Akaipeleka mwenyewe kwa barua pepe, mimi nimesimama nyuma yake, na saa sita mchana nilikuwa nimeshabeba kikombe changu na kushuka masijala, chumba cha chini, kugonga muhuri wa "imepokelewa" kwenye barua za watu wengine.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa nyumbani nimekaa kwenye kiti, mikono magotini. Nilijua wakati ule inasomwa. Nilimwona akilini mwendesha redio yule anasoma kwa sauti ya kazi, vituo sita vinasikiliza, na aibu yangu inapita juu ya milima ya watu. Sikujali. Nilichokuwa nataka kujua ni kama yule wa kituo cha juu amewasha redio. Mtu aliyeandika "kimya" kiangazi kizima, ana sababu gani ya kuwasha redio?

Jumamosi na Jumapili sikula cha maana. Nilipita mlango wa chumba chake mara nyingi, nikiyatazama yale mafaili.

Jumatatu saa tano Koma akashuka masijala. Hajawahi kushuka huko. Ameshika karatasi imekunjwa, akasimama mbele ya meza yangu.

"Majibu ya hoja yamekuja," akasema. "Siruhusiwi kukupa uyashike."

"Najua."

"Wala kufungua, wala kusoma."

"Mwanangu, hiyo fomu naijua kuliko wewe."

"Nimeipitia mara tatu," akasema. "Haisemi chochote kuhusu kusikia."

Akavuta kiti, akakaa, akafungua karatasi. Akasoma polepole, akisimama kwenye kila koma.

"Ijumaa. Milimita sifuri. Maoni: Hoja imesomwa redioni saa moja na dakika kumi, vituo vyote vimesikia. Nimeomba irudiwe. Imerudiwa mara tatu, na ya tatu mwendesha redio wa mjini alishindwa kumaliza, akamalizia mtu wa kituo cha pili. Kalamu ilikuwa mkononi. Sijasaini. Nina hasira na wewe, mama, miaka minne ni mingi, na hiyo hasira nitakuja nayo, usidhani nitaiacha huku. Nikishamkabidhi mwenzangu kipimamvua naondoka, baada ya siku kumi nitakuwa hapo. Nami nina hoja kwa mkaguzi. Kitanda changu kina mafaili, au hakina? Ajibu ukweli."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, na safari ile hakuna koma aliyoisimamia, alisoma haraka kwa kuwa na yeye alikuwa anataka kuondoka kabla sijamwona uso.

"Mjibu kwamba kina, na leo yanatoka," nikamwambia, nikaomba ruhusa nusu siku. Nilifika nyumbani jua bado kali, nikaanza kubeba. Mafaili ya miaka minne, mikono miwili, kutoka kitandani hadi sebuleni, mgongo unalia. Chini kabisa godoro lilikuwa limebonyea kwa pembe za maboksi na linanuka karatasi. Nikalikokota hadi nje, nikalisimamisha ukutani lipate jua, nikachukua fimbo nikaanza kulipiga.

Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaniuliza kama nahama.

"Hapana," nikamwambia. "Mwenye kitanda anarudi."

"Lini?"

"Siku kumi." Nikahesabu kwa vidole. "Saba. Tatu zimeshapita."

Nikaendelea kupiga. Vumbi lilitoka jingi sana, na kila nikidhani limekwisha likatoka jingine.